Baringo, Nchi ya Asali, na Kazi Zitokanazo na Nyuki

Msafiri atokaye Nakuru akishika njia ya kaskazini hupita mashamba ya katani ya Mogotio, huvuka mstari wa ikweta, kisha huteremka kidogo kidogo katika nchi ya joto na miiba. Mashamba makubwa hubaki nyuma, na migunga hutanda pande zote mbili za bara bara. Baada ya mwendo wa kilomita 100 hivi hufika Marigat, mji mdogo ulio karibu na ziwa Baringo. Hapo njia hugawanyika. Moja huendelea kaskazini kwenda Kampi ya Samaki, na nyingine hugeuka magharibi ikapanda milima ya Tugen hata Kabarnet, mahali pa baridi palipo juu kiasi cha meta 2,000 toka usawa wa bahari.

Jambo la kwanza linalomjulisha mgeni kwamba ameingia katika nchi ya asali ni chupa. Zimepangwa kando ya njia juu ya meza za miti, na jua likizipiga humeta kwa rangi mbali mbali: nyingine za manjano hafifu, nyingine za kahawia, nyingine nyeusi karibu na chai isiyotiwa maziwa. Wauzaji wengi ni akina mama. Gari linaposimama, mnunuzi huinua chupa juani, huinusa, hubishana bei kidogo, hulipa, na gari huenda zake. Ni mara chache aulize asali ile ilitokaje mtini hata ikafika mezani. Walakini swali hilo ndilo lenye maana, maana katika safari hiyo fupi ya asali mna kazi za watu wengi, na fedha zake hazigawanyiki sawasawa.

NCHI NA WATU WAKE

Baringo haikuanza kujulikana jana. Misafara ya watu wa pwani ilikuwa ikipiga kambi Njemps, kusini ya ziwa, ili kununua vyakula na pembe, na Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alifika huko mwaka 1883. Mwaka 1954, siku za Hali ya Hatari, Serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kumwagilia mashamba maji ya mto Perkerra karibu na Marigat, na kazi ya kuchimba mifereji ilifanywa na watu waliowekwa kizuizini. Mashamba hayo yapo hata leo.

Lakini mfereji hauwezi kufika kila mahali. Nje ya mashamba yale mvua ni chache na haina ahadi. Watugen, Wailchamus na Wapokot wakaao nchi hii wamezoea kuhesabu mali yao kwa mbuzi na ng'ombe, na kila ukame mkali unapokuja hesabu hiyo hupungua. Mgunga ndio usiokata tamaa. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, na mara nyingi hutoa maua wakati ambapo mimea mingine bado imekauka. Penye maua pana nyuki, na penye nyuki mtu mwenye bidii hakosi kitu. Ndiyo sababu wazee wa nchi hii walikuwa na mizinga tangu zamani za zamani. Asali ilikuwa chakula, ilikuwa dawa, ilitengenezwa pombe ya sherehe, na haikukosekana katika mambo ya arusi.

MZINGA WA GOGO

Mpaka leo, atazamaye juu ya miti huona mizinga ya gogo imelazwa katika matawi. Fundi hukata gogo lenye urefu wa meta moja hivi, hulipasua katikati, huchimba kila nusu kwa tezo mpaka liwe kama mtumbwi, kisha huzifunga nusu mbili pamoja na kuziba ncha zake, akiacha tundu dogo la nyuki kuingilia. Wengine hupaka nta kidogo ndani ili harufu yake iwavute nyuki watafutao makao. Ukambani nako kazi ni hiyo hiyo, na mti unaopendwa kwa kuchongea mizinga huko ni mukau.

Mzinga wa namna hii una sifa zake. Haugharimu fedha, ila jasho. Hudumu miaka mingi. Na nyuki wa Afrika huupenda. Kasoro yake ni kwamba masega yameshikamana na ukuta wa gogo. Mrinaji hawezi kuyatazama bila kuyavunja, na akivunja bila kuangalia huchanganya asali na majana, yaani watoto wa nyuki, na unga wa maua. Mtu mwenye pupa huondoa kila kitu. Nyuki waliobaki, wakiona hawana chakula wala watoto, huhama, na mzinga hukaa mtupu mpaka msimu mwingine. Wahenga walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Afadhali mtu avune nusu mwaka huu, apate nusu nyingine mwaka ujao.

KAZI YA USIKU

Kurina asali kwa desturi ni kazi ya usiku au ya magharibi. Nyuki wa nchi zetu ni wakali kuliko wale wa Ulaya, na giza pamoja na ubaridi huwapunguzia nguvu. Mrinaji hupanda mti wa miiba akiwa na kamba, chombo cha kutilia masega, na kijinga cha moto kitoacho moshi. Moshi una kazi mbili. Huwafanya nyuki wajaze matumbo asali kama watu wanaotaka kuhama, na nyuki aliyeshiba ni mpole. Tena huficha harufu ya hatari. Nyuki mmoja anapouma hutoa harufu inayofanana na ile ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake waje kuuma papo hapo.

Hatari za kazi hii si za mzaha. Watu wameanguka kutoka juu ya miti na kuvunjika mifupa. Wengine wamekuta nyoka amejilaza ndani ya mzinga mtupu. Cheche ya kijinga ikianguka katika majani makavu huweza kuchoma kichaka kizima, pamoja na mizinga yenyewe. Nyegere naye, mnyama asiyeogopa miiba ya nyuki, huangusha mizinga na kuipasua. Aumwaye na nyuki yampasa autoe mwiba mara moja, asingoje, kwa kuwa mfuko wa sumu ulioshikamana nao huendelea kusukuma sumu mwilini. Kisha aondoke mahali pale. Wako watu wachache ambao damu yao haipatani kabisa na sumu hiyo: uso huvimba, pumzi hukata, na mwili hulegea. Mtu wa namna hii asitibiwe nyumbani. Apelekwe hospitali upesi, na kazi ya nyuki aiache kwa wengine.

Kuna tena hatari isiyotoka kwa nyuki. Wizi wa mifugo na mapigano ya bunduki yamewafukuza watu makwao mara kwa mara katika sehemu kadhaa za Baringo, hata mwezi wa Februari 2023 Serikali ilipeleka jeshi katika kaunti za Bonde la Ufa upande wa kaskazini. Kazi ya kurina hufanywa usiku, mbali na nyumba. Na usiku ndio wakati ambao watu huogopa kutoka. Mizinga iliyo porini hubaki bila mwenyewe kuitazama, na asali iliyoiva huliwa na nyegere au huchukuliwa na mwivi.

Kwa hiyo mrinaji ndiye anayebeba hatari yote. Hana mshahara wa mwezi, hana bima, wala hana malipo ya uzeeni. Mapato yake huja mara moja au mbili kwa mwaka, na mwaka wa ukame huenda yasije kabisa. Naye akiwa na haja ya karo au ya chakula, huuza asali na masega yake yote pamoja ndani ya ndoo, kwa bei ya mnunuzi. Anayenunua ndoo ile, akaichuja na kuitia katika chupa safi zenye jina, hupata faida ambayo mpanda mti haioni.

MZINGA ULIOSHUKA CHINI

Mambo haya yalianza kubadilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa msaada wa Kanada, wataalamu walifanya kazi Kenya na kutengeneza mzinga mpya ambao sasa hujulikana katika nchi nyingi za joto kwa jina la Kenya. Ni sanduku refu lenye kuta za mshazari, na juu yake hupangwa vijiti vyenye upana wa milimita 32, kimoja kando ya kingine. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kijiti. Mfugaji huinua kijiti kimoja, hutazama, na kama ni majana hukirudisha. Kama ni asali iliyofunikwa kwa nta, hukata sega na kuacha ukanda mdogo ili nyuki waendelee kujenga hapo.

Mzinga wa tatu ni ule wa Langstroth, kasisi wa Marekani ambaye mwaka 1851 aligundua kwamba nyuki huacha wazi nafasi ndogo maalum kati ya sega na sega, nafasi isiyofikia sentimita moja. Kwa kufuata kipimo hicho alitengeneza fremu zinazotoka na kurudi bila kuvunjika. Asali hukamuliwa kwa mashine ya kuzungusha, na masega hurudishwa mzima kwa nyuki. Faida yake ni kubwa, kwa sababu nyuki hula kilo kadhaa za asali ili kutengeneza kilo moja ya nta. Lakini mzinga huu wataka vipimo sahihi na gharama kubwa. Mwenye kuanza na fedha kidogo haoni haya kuanza na mzinga wa vijiti, au hata wa gogo, mradi ajue kanuni.

Mizinga hii miwili hutundikwa kwa waya kiasi cha kiuno cha mtu, au huwekwa juu ya vigingi vilivyopakwa grisi ili siafu wasipande. Badiliko hilo laonekana dogo, nalo limefungua mlango mkubwa. Zamani kupanda miti kurina asali kulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume tu. Sasa mwanamke aliyevaa ovaroli nyeupe, wavu wa uso, glavu na viatu vya mpira, mwenye bomba la moshi mkononi, aweza kuikagua mizinga yake mwenyewe bila kupanda popote. Yule mama aliyekuwa akiuza kando ya njia asali ya watu wengine aweza kuuza ya kwake.

KAZI NYINGI KATIKA KAZI MOJA

Vijana wengi waliomaliza shule husema kwamba nyuki ni kazi ya wazee. Hilo latokana na kuona mti tu, bila kuona yanayofuata. Mizinga ya fremu yataka seremala mwenye kipimo kisichokosea, maana fremu ikizidi kidogo nyuki huigandisha, na ikipungua hujenga sega mahali pasipofaa. Mavazi ya kazi yataka fundi wa cherehani. Mabomba ya moshi yataka fundi wa bati. Mafundi hawa hawahitaji kuumwa na nyuki hata mmoja, nao hula katika kazi ya nyuki.

Halafu kuna kusafisha. Asali iliyoiva ni ile ambayo nyuki wenyewe wameifunika kwa nta. Ikivunwa kabla ya hapo ina maji mengi, nayo huchacha. Masega hukatwa katika nyumba safi isiyoingia nzi, huchujwa kwa kitambaa, na asali huachwa itulie katika chombo chenye kifuniko. Isichemshwe juu ya moto, kwa kuwa moto huharibu ladha na rangi. Isiachwe wazi, kwa kuwa huvuta maji kutoka hewani. Anayetaka asali yake ikubaliwe madukani yampasa apate alama ya Shirika la Viwango la Kenya, na alama hiyo haipatikani kwa maneno matamu, ila kwa usafi unaopimika.

Nta nayo watu wengi huitupa, kana kwamba ni kumbi la nazi. Masega yaliyokamuliwa huoshwa, huchemshwa katika maji, na hukamuliwa katika gunia. Nta huelea, na maji yakipoa hugeuka bamba gumu la manjano. Watengenezaji wa mishumaa, wa dawa ya kung'arisha mbao na wa mafuta ya ngozi huinunua. Na wafugaji wa mizinga ya fremu huihitaji kwa kutengeneza karatasi za nta ambazo nyuki hujengea masega. Tena nta haiozi. Mtu aweza kuiweka mpaka bei iwe nzuri, jambo ambalo muuza maziwa hawezi kulifanya.

Mwisho yatakiwa mtu wa kalamu. Chukua mfano wa chama cha wafugaji 30, kila mmoja na ndoo zake. Bila mtu wa kupima, kuandika risiti, kuweka daftari ya fedha na kujibu barua za wanunuzi, chama hicho hakidumu miaka miwili. Vyama vingi havivunjwi na nyuki, bali huvunjwa na hesabu. Hata mfugaji aliye peke yake yafaa awe na daftari lenye namba ya kila mzinga, tarehe nyuki walipoingia, tarehe ya kurina, na kilo zilizopatikana. Baada ya misimu michache daftari hilo litamwambia ni mzinga gani umekaa mahali pabaya, na ni miezi gani asisumbue nyuki kabisa.

Kwa anayependa kujifunza, mahali pako. Nairobi, huko Lenana, iko taasisi ya taifa ya ufugaji wa nyuki. Molo kuna Chuo cha Kilimo cha Baraka, kinachofundisha kazi hii kwa wakulima na vijana. Nchi jirani ya Tanzania ina chuo kizima cha ufugaji wa nyuki mjini Tabora, katikati ya misitu ya miombo, na hilo peke yake laonyesha jinsi wenzetu wanavyoipa kazi hii heshima yake. Mwenye cheti huweza kuajiriwa na serikali ya kaunti yake kama afisa wa mifugo anayeshughulika na nyuki, au na mashirika na makampuni yanayonunua asali. Na mwenye ujuzi bila cheti huweza kuwa mwalimu wa jirani zake.

MTI NA GUNIA LA MAKAA

Kazi hizi zote hutegemea kitu kimoja ambacho hakuna fundi awezaye kukichonga, nacho ni mti ulio hai. Katika njia zile zile zinazouzwa asali husimama pia magunia ya makaa. Kijana mwenye shida leo hukata mgunga, na baada ya siku chache ana fedha mkononi. Mgunga ule ule ungetoa maua msimu huu, na mwaka ujao, na mwaka wa kumi baadaye. Si haki kumlaumu kijana yule bila kumwonyesha njia nyingine, maana tumbo haliwezi kungoja maua. Lakini yafaa aelezwe hesabu yenyewe: makaa huuzwa mara moja, asali huuzwa kila mti unapochanua.

Mambo mengine yamezidi uwezo wa kijana. Tangu miaka ya 2010 maji ya ziwa Baringo yamepanda sana, hata mwaka 2020 nyumba, shule na hoteli za kando zilizama, na migunga mingi ya ufuoni ilikufa ikisimama majini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliletwa mti mgeni ambao wenyeji huuita mathenge, ili uzuie mmomonyoko na kutoa kuni. Ulienea kupita kiasi, ukaziba malisho na njia. Katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2006 watu wa Baringo waliishtaki Serikali, na mbuzi asiye na meno alipelekwa mahakamani ili kuonyesha jinsi maganda matamu ya mti huo yanavyoyaharibu meno ya mifugo. Hata hivyo nyuki hawana kesi na mathenge. Maua yake wanayapenda, na wafugaji wengine hutundika mizinga karibu nayo. Kwa hiyo mti uliowanyima watu malisho huwarudishia kidogo katika chupa, ijapokuwa hakuna mchungaji atakayekubali kwamba deni limekwisha.

Wakulima nao wana sehemu yao. Dawa ya kuua wadudu ikipigwa mchana, maua yakiwa wazi, huua nyuki pamoja na adui. Ikipigwa jioni, baada ya nyuki kurudi mizingani, madhara hupungua. Mwenye shamba na mwenye mizinga wakipeana habari siku moja kabla, wote wawili hufaidika, kwa sababu mazao mengi ya bustani na miti ya matunda huzaa vizuri zaidi yakitembelewa na nyuki.

Basi yeye apendaye kuanza, iwe Baringo au mahali pengine penye maua na maji, asianze na mizinga 50 kwa mkopo. Aanze na michache, mbali na nyumba, njia na zizi. Ajifunze kwa mzee anayejua miti na kwa mwalimu anayejua vipimo, kwa kuwa kila mmoja ana elimu ambayo mwenziwe hana. Ajiunge na wenzake kabla ya siku ya kuuza, wala si baada yake, ili asali isiondoke kwao katika ndoo ikarudi madukani katika chupa kwa bei mara nyingi. Hapo ndipo yule apandaye mti usiku, au ainuaye kijiti asubuhi, atakapopata sehemu yake iliyo halali katika utamu anaowapatia wengine.